Nani Anampisha Nani?

Leo tuweke kando sera na ahadi, tutazame jinsi mwanasiasa anavyotumia mwili na sauti kuonyesha nani mkubwa.

Lyndon Johnson, kabla hajawa rais wa Marekani, aliongoza maseneta wa chama cha Democratic. Alikuwa pande la mtu, urefu zaidi ya mita 1.9. Akitaka kura yako alikusogelea hadi pua zikaribie kugusana, akakushika bega, akakuinamia. Zipo picha za mwaka 1957 akimfanyia hivyo Seneta Theodore Green, mzee wa karibu miaka 90, ambaye amejipinda kwa nyuma kama mnazi kwenye upepo. Msimtazame Johnson peke yake. Mtazameni anayerudi nyuma. Ubabe haukamiliki mpaka mwingine apishe.

Na wapo wasiopisha. Januari 2007, mjini Sochi, Rais Vladimir Putin wa Urusi alimpokea Angela Merkel, Chansela wa Ujerumani wakati huo, ambaye aliwahi kung'atwa na mbwa na kubaki na hofu. Jibwa jeusi la Putin, Koni, likaachwa liingie na kumzunguka mgeni mbele ya kamera. Putin alisema baadaye kwamba hakujua habari ya hofu hiyo. Haya. Merkel alitulia kitini, mazungumzo yakaendelea.

Sauti nayo ina kazi yake. Margaret Thatcher wa Uingereza alipata mafunzo ya kuishusha sauti yake nyembamba na kusema taratibu. Anayesema taratibu anajua hatakatizwa.

Wengine mkono husaidiwa na kitu. Kati ya marais wa Kenya, Jomo Kenyatta alipunga usinga, Daniel arap Moi alishika rungu. Moi alipozikwa Kabarak, Februari 2020, rungu hilo lilikabidhiwa hadharani kwa mwanawe Gideon, na Wakenya hawakuhitaji kuelezwa maana yake.

Ila kwetu ubabe ulio mkubwa kuliko yote hauhitaji hata mwili kuwapo. Mgeni rasmi anatarajiwa saa tatu asubuhi. Watoto wa ngoma wamepangwa juani, mshereheshaji ametangaza mara kadhaa kwamba mheshimiwa yuko njiani. Anashuka garini saa sita, hana haraka, anapunga mkono, na uwanja mzima unasimama kumpigia makofi.