Kutoa Giaboksi ya Otomatiki na Kuweka ya Manuali: Mambo ya Kujua Kabla Fundi Hajafungua Bolti

*Haya ni mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wanafunzi wa ufundi wa magari, mafundi wa jua kali na madereva katika mojawapo ya vyuo vyetu vya mafunzo ya ufundi. Tunayachapisha kwa ombi la waliohudhuria.*



Naomba nianze kwa kukiri kwamba mimi si fundi. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu ni kuwaarifu wananchi. Mwalimu wenu aliponialika nadhani alitarajia nizungumze kuhusu basari. Hizo fomu zipo ofisini, nitazieleza mwishoni kwa yeyote atakayeuliza. Leo nataka kuzungumza kuhusu gari la mzee wangu, kwa sababu nimegundua kwamba kazi iliyofanywa kwenye gari lile inafanywa kila mwezi katika gereji zetu, na mara nyingi inaachwa nusu.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Tunaishi milimani. Alinunua Prado ya dizeli, modeli ya miaka ya 1990, iliyotoka Japani ikiwa imetumika. Ilikuwa ya otomatiki, kama yalivyo mengi ya magari yanayoshushwa bandarini Mombasa. Kijijini lile halikuwa gari la mzee peke yake. Lilibeba kabeji kwenda sokoni, lilibeba maiti, na usiku lilibeba kina mama waliopatwa na uchungu wa uzazi wakati boda boda haziwezi kupita kwenye tope.

Siku moja likaanza kuchelewa kuingia gia. Ukikanyaga mafuta injini inalia, lakini gari halipandi. Tulipochomoa kijiti cha kupimia, mafuta ya giaboksi yalikuwa meusi na yananuka kama kitu kilichoungua. Fundi akauliza, "Mwalimu, haya mafuta mara ya mwisho yalibadilishwa lini?" Mzee akanyamaza. Hayakuwa yamebadilishwa tangu gari linunuliwe. Kosa lilikuwa letu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa nini otomatiki huchoka

Giaboksi ya otomatiki si kitu kipya. Kampuni ya General Motors ilitangaza Hydra-Matic mwaka 1939, ikawekwa kwenye magari ya Oldsmobile ya modeli ya 1940. Mpaka leo jambo moja halijabadilika: otomatiki huishi kwa mafuta yake. Kati ya injini na giaboksi kuna toki konvata, chombo cha duara kilichojaa mafuta, na nguvu ya injini hupita ndani ya mafuta hayo. Mafuta hayo hayo ndiyo yanayosukuma klachi za ndani, ndiyo yanayolainisha, na ndiyo yanayobeba joto kulipeleka kwenye kipoozeo, ambacho katika magari mengi kimo ndani ya radieta.

Sasa fikiria mlima wetu. Gari limejaa mizigo, linapanda polepole, konvata inakoroga mafuta, joto linapanda. Mafuta yaliyochoka hupoteza nguvu ya kukinga, klachi zinateleza, na kuteleza kunaongeza joto zaidi. Radieta nayo ikitoboka kwa ndani, maji huingia kwenye giaboksi na mafuta hugeuka rangi ya maziwa ya waridi. Ukiona rangi hiyo, zima gari papo hapo.

Kwa hiyo shauri la kwanza halihusu kubadilisha giaboksi hata kidogo. Badilisha mafuta. Soma kitabu cha gari. Kwa gari linalobeba mizigo milimani, wengi hubadilisha kila kilomita 40,000 hadi 60,000. Tumia aina iliyoandikwa kitabuni, si ile iliyo karibu dukani. Na ukishuka mlima, toa mkono kwenye D, weka 2 au L, injini ikusaidie kuzuia. Wako madereva ambao hawajawahi kugusa herufi hizo, kisha wanalalamika kwamba otomatiki haifai milimani.

Kama lazima ubadilishe

Kwa mzee wangu mafuta mapya hayakuokoa kitu. Alikuwa na njia mbili: kupeleka giaboksi mjini ifumuliwe na kujengwa upya, au kutoa otomatiki na kuweka manuali. Hapa kijijini mafundi wa manuali wako wengi na spea zake zinapatikana, kwa hiyo akachagua manuali. Simlaumu. Kwa gari la aina ile ni kazi inayowezekana, kwa sababu kiwanda chenyewe kilitengeneza Prado hizo za otomatiki na za manuali, na kila kifaa unachohitaji kilikwisha kutengenezwa. Kwa magari mapya, ambayo kompyuta ya injini na ya giaboksi huzungumza kila sekunde, au ambayo hayakuwahi kutolewa na manuali, shauri langu ni kujenga upya otomatiki yako na kulala usingizi.

Wanafunzi, andikeni, maana wengi hudhani ni kununua giaboksi tu. Unahitaji giaboksi yenyewe, ikiwezekana pamoja na transfa yake ya 4WD, kwa sababu transfa ya otomatiki haikai kila wakati kwenye manuali. Kwenye injini unatoa ile sahani nyembamba inayoshika konvata, unaweka flaiwili na bolti zake. Mwisho wa krenki kuna beringi ndogo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Injini ya otomatiki mara nyingi haina beringi hiyo, na fundi akiisahau shafti itayumba na giaboksi itaanza kulia baada ya muda mfupi. Kisha kuna sahani ya klachi, presha pleti, beringi ya klachi, masta silinda, silinda ya chini na paipu yake.

Ndani ya gari unahitaji pedali ya klachi na pedali ya breki iliyo nyembamba, maana ile pana ya otomatiki huziba nafasi ya mguu. Chini ya gari pima maunti na propela shafti kabla ya kufunga. Giaboksi hizi mbili hazilingani urefu kila mara, na shafti iliyolazimishwa huvunjika. Angalia pia uwiano wa meno ya difu. Ukibadilisha ya nyuma bila ya mbele, siku utakapoweka 4WD kwenye barabara kavu utasikia magurudumu yakipigana. Mwisho, muone fundi wa umeme: taa za kurudi nyuma, sensa ya mwendo, na kompyuta, ambayo inaweza kuendelea kutafuta giaboksi isiyokuwapo na kuwasha taa ya hitilafu.

Ushauri wa mafundi wazee niliozungumza nao ni mmoja: nunua gari zima la manuali lililogongwa, la modeli ile ile, kuliko kuokota kifaa kimoja hapa kingine pale. Utapata hata skrubu ambazo hukujua kwamba unazihitaji.

Waya mbili

Sasa nafika kwenye jambo lililonileta. Gari la otomatiki haliwashi injini isipokuwa gia iko P au N. Kuna swichi kwenye giaboksi inayozuia stata. Ukiondoa giaboksi ya otomatiki, swichi ile inaondoka nayo, na ukigeuza ufunguo stata haizunguki. Fundi anajua dawa ya haraka: anaunganisha waya mbili za swichi ile, anafunga utepe mweusi, gari linawaka. Mteja anafurahi, analipa, anaondoka.

Kuanzia siku hiyo gari lile linaweza kuwashwa likiwa ndani ya gia.

Fundi wetu alifanya hivyo. Pia alimwambia mzee, na ni shauri jema, kwamba kwa kuwa sasa hana P, akiegesha mlimani aache gari kwenye gia namba moja. Lakini hakuna aliyeigusa breki ya mkono. Miaka yote ile mzee aliegesha kwa P tu, kwa hiyo ile breki ilikuwa imelegea na haishiki chochote.

Asubuhi ya siku ya tisa, mzee alitoka kupasha injini moto kama alivyozoea. Hakuingia ndani. Alifungua mlango, akiwa amesimama nje akaingiza mkono, akageuza ufunguo. Gari lilikuwa kwenye gia ya kwanza, limeelekea jikoni. Stata ilisukuma, dizeli ikashika, na gari likaenda mbele lenyewe. Lilivunja ukuta wa jikoni na kusimama likiwa limepanda juu ya mawe ya meko.

Mtoto wa dada yangu, wa miaka mitano, alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jiko lile akinywa uji. Aliinuka kwenda kumwomba bibi yake sukari. Kikombe tulikikuta chini ya gurudumu.

Mzee hakuliendesha tena gari lile kwa miezi mitatu. Alikaa barazani akiliangalia. Usiku mmoja jirani alikuja kuomba apelekewe mke wake hospitalini, na mzee akamwambia funguo hajui ziko wapi. Zilikuwa mfukoni mwake. Alinieleza hayo mwenyewe, na ndiyo siku niliyoamua kujifunza habari za waya mbili.

Dawa yake ni ndogo. Kwenye pedali ya klachi inawekwa swichi, na zile waya mbili zinapitishwa hapo, ili stata isizunguke mpaka mguu uwe umekanyaga klachi. Magari mengi ya manuali hutoka kiwandani na swichi hiyo. Kifaa chenyewe ni cha kutoshea kiganjani, na kazi yake ni ya mchana mmoja. Sisi tuliiweka baada ya ukuta kuvunjika.

Sheria na leseni

Madereva, nanyi mna lenu. Katika madaraja ya leseni ya Kenya, B1 ni ya gari dogo la otomatiki pekee. Ukiwa na B1 na gari lako likageuzwa manuali, huna leseni ya kuliendesha mpaka ufanye mtihani upate B2. Wapo vijana wengi waliojifunzia otomatiki, na mzazi akibadilisha gari la nyumbani anampa mtoto ufunguo bila kufikiri. Pia ijulishe kampuni ya bima kwa maandishi. Ajali ikitokea, mabadiliko yaliyofichwa na leseni isiyolingana ni sababu mbili za kukataa kulipa. Na kama kitu chochote kilichoandikwa kwenye hati ya umiliki kimebadilika, kwa mfano injini, nenda NTSA kabla ya kwenda barabarani.

Kwa madereva wa magari ya kaunti: gari la umma halibadilishwi kitu kwa makubaliano ya dereva na fundi. Andika hitilafu kwenye kitabu cha safari, mpelekee afisa wa usafiri. Gari lililobadilishwa bila kibali likimwumiza mtu, jina litakaloitwa ni lako.

Kabla ya kumpa mteja ufunguo

Mafundi wangu, sikuja kuwafundisha kazi. Mnaijua kuliko mimi. Nawaomba mambo manne tu kabla hamjapokea salio lenu.

Kwanza, jaribu kuwasha gari likiwa kwenye gia bila kukanyaga klachi. Likiitika, kazi haijaisha. Pili, liegeshe kwenye mteremko, gia iwe huru, breki ya mkono imevutwa, toa mguu uone. Likitembea, kaza kebo au badilisha viatu vya breki. Tatu, mweke mteja kwenye kiti, umwonyeshe: mguu kwenye klachi, gia huru, breki ya mkono, ndipo ufunguo. Mtu aliyeendesha otomatiki kwa miaka kumi ana mazoea mkononi, na mazoea hayatoki kwa kuambiwa mara moja. Nne, mwandikie kwenye risiti ulichobadilisha, ili fundi atakayekufuata ajue.

Nanyi wateja, mambo hayo manne yalipieni. Ukimbana fundi bei mpaka akate kona, kona hiyo utaikuta nyumbani kwako.

Ukuta wa jikoni tulijenga upya kwa matofali. Gari lipo, na mzee amerudi kuliendesha. Wiki iliyopita lilipeleka mama mmoja hospitalini saa nane za usiku na kumrudisha na mtoto wa kiume. Kila asubuhi kabla ya kuligusa mzee huita kwa sauti, "Mko wapi?" na watoto wote hujibu kutoka barazani. Anahesabu sauti, kisha anaingia ndani, anakanyaga klachi, na kuwasha.

Wenye maswali ya ufundi, waalimu wako hapa. Wenye maswali ya basari, nipo.