Vijana Wageni Wanaojitolea Baharini na Daftari Linalobaki

Matini ya mazungumzo kwa masheha, watumishi wa Serikali na wananchi wa shehia za pwani



Mazungumzo haya yanahusu jambo ambalo wakaazi wa pwani ya Unguja na Pemba wamekwisha kulizoea kwa macho, lakini halijajadiliwa vya kutosha mabarazani. Ufikapo msimu wa kusi, na hasa miezi ya Julai na Agosti wakati skuli za Ulaya zimefungwa, huonekana vijana wageni wa miaka 16 hadi 19 wakiteremka ufukweni na miwani ya kuzamia, mapezi ya mpira na vibao vya plastiki vya kuandikia chini ya maji. Hawakuja kustarehe tu. Wamejilipia nauli na gharama zao ili wajitolee katika hifadhi ya bahari: kuhesabu samaki, kupima matumbawe, kulinda viota vya kasa na kuokota taka.

Watu huuliza maswali mawili juu yao. La kwanza huulizwa mabarazani: kijana aliyezaliwa mbali na bahari, asiyejua bamvua wala maji mafu, atamfundisha nini mvuvi aliyeota ndevu juu ya ngalawa? La pili huulizwa maofisini: kazi ya vijana hao inaandikwa wapi, na nani anaisoma? Swali la kwanza lina jibu jepesi. La pili ndilo zito.

Kijana huyo hakuja kumfundisha mvuvi, na akidhani hivyo amekosea tangu mwanzo. Mvuvi anajua mwamba upi una tasi na mwezi gani chewa hukusanyika. Lakini mvuvi huhesabu samaki aliowapata, wala hana sababu ya kuhesabu aliowaacha majini. Hifadhi huhitaji hesabu ya wale waliobaki, ichukuliwe mahali pale pale, kwa njia ile ile, mwaka baada ya mwaka. Ni kazi ya kuchosha, isiyoleta kitoweo, na yahitaji watu wengi. Hapo ndipo mkono wa kijana anayejitolea unapopata nafasi.

Mfano ulio karibu unapatikana Mafia. Kuanzia mwaka 1989 hadi 1994, vijana wa kujitolea kutoka Uingereza walikuja huko kwa makundi, wengi wao wakiwa wametoka karibuni skulini au wakiendelea na masomo ya chuo. Waliletwa na jumuiya iitwayo Society for Environmental Exploration, inayojulikana zaidi kwa jina la Frontier, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walichunguza miamba, majani ya bahari, mikoko na uvuvi. Wakati huo baruti zilikuwa zikilipuliwa miambani, na matumbawe yakichimbwa ili yachomwe chokaa. Ghuba ya Chole na mwamba wa Tutia zilikwisha kutangazwa kuwa hifadhi katika miaka ya 1970, lakini tangazo hilo lilibaki karatasini.

Haitakuwa kweli kusema kwamba vijana hao ndio walioanzisha Hifadhi ya Bahari ya Mafia. Hifadhi ilipatikana kwa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, iliyopitishwa kwa upande wa Tanzania Bara, na ikatangazwa mwaka 1995 ikiwa na eneo la kilomita za mraba 822. Wataalamu wa Tanzania, watumishi wa Serikali na wavuvi wenyewe walibeba mzigo mkubwa. Lakini waliokaa kupanga mipaka walikuwa na taarifa za miamba mezani, na sehemu kubwa ya taarifa hizo ilitokana na mikono ya vijana wasiokuwa wataalamu.

Je, taarifa za wasio wataalamu zinaaminika? Swali hili lilichunguzwa huko huko Mafia. Mwaka 1996 watafiti William Darwall na Nicholas Dulvy walichapisha utafiti katika jarida la Biological Conservation, wakipima ubora wa hesabu za samaki zilizofanywa na vijana hao. Waliona kwamba kijana mgeni hukosea mwanzoni, na kwamba makosa hupungua akifundishwa kwa bidii na kurudia zoezi, mpaka hesabu yake ikaweza kukubaliwa. Maneno mawili ni ya kushikwa hapo: kufundishwa, na kurudia.

Inafaa kueleza kwa nini mafunzo ni lazima, maana wapo wanaodhani kuhesabu samaki ni kama kuhesabu mbuzi zizini. Kwanza, maji hukuza. Anayetazama kupitia miwani ya kuzamia huona kitu kikubwa kwa karibu theluthi moja kuliko kilivyo, hata samaki wa sentimita 30 akaonekana kama wa sentimita 40. Mgeni asiyezoezwa ataandika kwamba mwamba una samaki wakubwa, ofisi itaamini kuwa uvuvi uko salama, na kosa la jicho litakuwa kosa la Serikali. Pili, pono hubadilika rangi kadiri akuavyo, na wengi katika jamii yake hubadilika hata jinsia, jike akawa dume. Asiyejua ataandika samaki wa aina moja kuwa wa aina mbili. Wavuvi nao huwaita wote pono, na kwa mahitaji ya soko jina hilo linatosha, lakini kwa daftari la hifadhi halitoshi. Tatu, anayeogelea kwa pupa huwafukuza samaki kabla hajawahesabu. Kijana aliyekaa wiki mbili, wiki moja akiwa anajifunza kuvuta pumzi kwa mtungi, hawezi kutoa hesabu ya kutegemewa, na si aibu kumpa kazi nyingine. Kuokota nyavu zilizokwama na kusafisha fukwe nako ni kazi ya haki.

Lipo jambo la msimu ambalo halizingatiwi ipasavyo. Vijana wengi huja wakati wa kusi kwa sababu ndiyo likizo yao, si kwa sababu bahari inafaa. Kusi huvuma kwa nguvu, mawimbi huwa makubwa, na kwenye miamba iliyoelekea upepo maji huchafuka hata mzamiaji asione mbali. Daftari lililojazwa Julai na Agosti tu linaeleza nusu ya mwaka, na nusu hiyo ni ile ngumu. Kaskazi ikivuma, na hasa katika maleleji, bahari ikitulia, wageni huwa wamerudi darasani. Nani atahesabu wakati huo, kama hakuna mwenyeji aliyefundishwa?

Umuhimu wa daftari ulidhihirika mwaka 1998. Katika miezi ya mwanzo ya mwaka ule joto la maji ya Bahari ya Hindi lilipanda kupita kawaida, na matumbawe yakapauka kuwa meupe kama mfupa. Miamba ya Mafia iliathirika vibaya, na sehemu nyingi matumbawe yakafa; Unguja na Pemba nazo ziliguswa, pengine kidogo, pengine sana. Kupauka kulirudi tena mwaka 2016. Baada ya pigo la namna hiyo kila mtu huuliza: kilikuwapo kiasi gani, na kimebaki kiasi gani? Swali hilo hujibiwa na hesabu ya kabla ya pigo peke yake. Palipokuwa na hesabu, jibu lilipatikana. Pasipokuwa nayo, hakuna fedha wala chombo kitakachomrudisha mtu mwaka 1993 na kamba yake ya kupimia. Ndiyo maana hesabu iliyofanywa vibaya, au iliyofanywa vyema kisha ikapotea, ni hasara isiyolipika.

Na hapa ndipo penye malalamiko. Hutokea kijana akahesabu kwa uaminifu msimu mzima, akaandika kwenye kibao, akanakili kwenye daftari au kompyuta, kisha daftari likapanda ndege pamoja naye. Huko kwao huandikwa taarifa nzuri yenye picha. Sheha hana nakala. Ofisi ya wilaya haina nakala. Mwaka unaofuata huja kundi jingine, likaanza tena kuhesabu mwamba ule ule kama kwamba haujapata kuonwa na binadamu. Wananchi wa mahali hapo, waliotoa maji ya kunywa, pahala pa kulala na manahodha, hawajui hata kama tasi wamezidi au wamepungua. Lawama si ya kijana, kwani yeye ametimiza aliyoambiwa. Lawama ni ya walioandaa safari bila ya kuuliza daftari litakaa wapi, na kwa haki ni ya maofisi pia, yasiyolidai.

Kisiwa cha Chumbe kinaonyesha njia nyengine. Mwamba wake ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994 na msitu wake mwaka 1995. Katika miaka ya kuanzisha hifadhi hiyo watu wa kujitolea kutoka nchi mbali mbali walifanya kazi kisiwani, wakamaliza muda wao, wakarudi makwao. Waliobaki ni walinzi, ambao wa mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Walifundishwa kuzitambua aina za viumbe, kuongoza wageni chini ya maji na kuandika waliyoyaona. Hawabebi silaha: mvuvi akiingia mpakani huendewa kwa maneno, na mara nyingi anayemwendea ni mtu wa kazi yake ya zamani. Wanafunzi wa skuli za Zanzibar nao hupelekwa kisiwani kujifunza. Mgeni alipita kama mwalimu au kibarua, mwenyeji akabaki na ujuzi. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yenye makao yake hapa Zanzibar, nayo imekuwa ikipima miamba ya Unguja tangu miaka ya 1990, kwa hiyo hakuna sababu ya kundi lolote kubuni njia yake lenyewe ya kuhesabu.

Kwa kuwa mazungumzo haya yanasomwa pia na wazazi, neno lisemwe juu ya vijana wenyeji. Ni jambo la kusikitisha kumwona mwanafunzi wa kidato cha tatu amekaa chini ya mnazi akimtazama mwenziwe wa rika lake, aliyetoka umbali wa maelfu ya kilomita, akipanda chombo kwenda kupima mwamba ambao babu yake mwanafunzi huyo ndiye aliyeupa jina. Wapo vijana wa pwani wasiojua kuogelea, na wasichana ni wengi zaidi miongoni mwao, ingawa mama zao huushinda mchana mzima majini wakichokoa pweza na kufunga mwani. Inapendekezwa kwamba kila chombo kinachobeba vijana wageni wa kujitolea kibebe pia vijana wa shehia ile kwa idadi iliyo sawa, na kwamba mafunzo ya kuogelea, kutambua samaki na kuhesabu yatolewe kwa wote pamoja. Mgeni atajifunza majina ya pepo na maji. Mwenyeji atajifunza kamba na kibao. Kundi lisiloweza kukubali sharti hilo lielezwe kwa adabu kwamba mwamba umejaa.

Watumishi wakumbushwe pia kwamba kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar Nam. 6 ya mwaka 2011, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, awe mgeni au mwenyeji. Kwa hiyo lazima ajulikane mtu mzima anayemwangalia, kwa jina, kuanzia bandarini hadi malaloni. Cheti cha mwanzo cha uzamiaji hakimruhusu mtu kupita mita 18, na nahodha ana haki ya kukataa kung'oa nanga akiona bahari haifai, hata kama siku za wageni zinakwisha. Nahodha aliyekataa asinyimwe ujira wa siku hiyo.

Yanayobaki ni ya utaratibu. Kabla ya kundi kupokelewa, sheha aulize watakaa muda gani, nani atawafundisha na kwa njia gani, na hesabu itaandikwa katika daftari gani. Daftari liwe na nakala tatu: moja ya shehia, moja ya ofisi inayosimamia hifadhi, na moja ya wageni wenyewe. Kundi lisiondoke kabla halijasoma hesabu yake mbele ya baraza la wavuvi kwa Kiswahili, likisaidiwa na vijana wenyeji waliokuwa nao chomboni, na wavuvi wapewe nafasi ya kupinga wanaloliona si sahihi. Pingamizi nalo liandikwe. Shehia ambazo makundi yamekwisha kuondoka bila ya kuacha nakala ziandike barua za kuziomba kabla ya kaskazi kuanza, kwa kuwa anuani za wanafunzi hubadilika upesi.