MUUGUZI, MIZANI NA KADI YA MTOTO



Tumepewa heshima ya kuzungumza juu ya kazi ya wauguzi katika kuilinda afya ya umma, nasi tumeona vema tuitazame kazi hiyo hapa hapa kwetu, katika Nyanda za Juu Kusini. Wengi wetu tumtajapo muuguzi, ambaye kwa desturi twamwita nesi, humfikiria akiwa wodini, ameshika sindano au anafunga kidonda. Hiyo ni kazi yake, wala hakuna awezaye kuidharau. Lakini anayo kazi nyingine ambayo hufanyika kabla mtu hajaugua. Hufanyika zahanatini siku ya kliniki, penye mizani ya watoto na foleni ya akina mama. Hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumzia leo.

Njaa katika nchi ya shibe

Kwa miaka mingi mikoa ya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma imesifiwa kuwa ghala la taifa. Mahindi yetu, maharage, viazi, mchele wa Kyela na Usangu na ndizi za Rungwe hulisha miji ya mbali. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Iringa karibu watoto 57 kati ya kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa. Njombe, iliyokuwa sehemu ya Iringa hadi mwaka 2012, ilikuwa na watoto 50 kati ya 100. Wastani wa taifa zima ulikuwa 30.

Je, inakuwaje ghala lijae na mtoto wa mwenye ghala adumae? Sababu mojawapo ni kwamba udumavu haupigi kelele. Mtoto aliyedumaa hucheza na hucheka, na kwa kuwa watoto wa majirani ni wafupi kama yeye, mzazi haoni kasoro yoyote. Lakini mwili na akili yake vimekwisha kupunjwa, na muda wa kuokoa ni mchache: tangu mimba inapotungwa hadi mtoto atimize miaka miwili, yaani siku zipatazo 1,000. Ndiyo maana anahitajika mtu mwenye elimu ya kuona yale ambayo jicho la kawaida halioni. Mtu huyo ni muuguzi. Yeye humpima mtoto uzito na urefu, huandika katika kadi, kisha humwambia mama ukweli.

Mizani haimlishi mtoto

Hapa, ndugu zangu, ndipo penye kiini cha maneno yetu. Muuguzi humwambia mama anyonyeshe maziwa yake pekee kwa miezi sita, kisha ampe mtoto chakula mara kadhaa kwa siku, chenye maharage, mboga, dagaa au yai. Mama husikia na hukubali. Kesho yake alfajiri huchukua jembe akaenda shambani. Mtoto hubaki na dada yake mwenye miaka saba, pamoja na chungu cha uji wa mahindi matupu. Mayai yamekwenda sokoni. Mahindi yameuzwa kwa amri ya baba, na sehemu ya fedha imeishia kwenye ulanzi. Mwezi ujao mama hurudi kliniki, uzito haujapanda, naye hulaumiwa mbele ya wenzake. Je, ni yeye aliyepuuza ushauri? Muuguzi alisema na mtu asiye na uamuzi, na wenye uamuzi hawakuwapo.

Iringa yenyewe ilikwisha kutuonyesha njia. Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe uliosaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na ya watoto, kwa fedha za Serikali ya Italia, katika vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa hadharani, na matokeo yakapelekwa mbele ya kamati ya kijiji. Wanakijiji waliulizana: watoto wangapi wako hatarini, kwa nini, na tufanye nini kwa uwezo tulio nao? Baadhi ya vijiji vilianzisha mahali pa kuwalishia watoto wakati mama wakiwa shambani. Katika miaka minne hivi, utapiamlo mkali ulishuka kutoka watoto 6 hivi kati ya 100 hadi karibu 2. Mizani haikubadilika. Kilichobadilika ni idadi ya watu waliojiona kuwa wanadaiwa jawabu.

Jambo hilo hilo laonekana katika maradhi mengine. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilikuwa miongoni mwa hospitali tano zilizoanza, mwaka 2000, majaribio ya kuzuia mama asimwambukize mtoto virusi vya UKIMWI. Dawa zipo, na muuguzi wa kliniki ya wajawazito hupima na kushauri. Lakini mama anayeogopa kufukuzwa na mumewe atameza dawa kwa kificho, au ataziacha. Katika utafiti wa mwaka 2022 na 2023, maambukizi kwa watu wa miaka 15 na zaidi yalikuwa asilimia 4.4 kitaifa, lakini Mbeya yalikuwa 9.6 na Iringa 11.1. Mume anayefuatana na mkewe kliniki anampa muuguzi msaada ambao hakuna bajeti iwezayo kuununua.

Wajibu wetu

Basi tunawasihi akina baba: mwezi huu ombeni kadi ya mtoto, isomeni, na kabla ya kuuza gunia la mwisho tengeni chakula cha mtoto na cha mama mjamzito. Viongozi wa vijiji, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji isiwe ya akina mama peke yao. Matokeo yake yasomwe mkutanoni kama yasomwavyo mapato na matumizi. Nanyi wauguzi, tunajua mko wachache na njia za milimani ni ngumu wakati wa masika. Pamoja na hayo, msimkaripie mama. Muulizeni nani huamua nyumbani kwake, kisha mwiteni huyo.

Kadi ya mtoto ni barua ambayo muuguzi ameiandikia nyumba nzima. Mwenyezi Mungu atujaalie tuisome mapema, kabla siku zile 1,000 hazijapita.