Tauni ya Karne ya 14 na Hatima ya Ukabaila: Uingereza na Misri

Mada ya semina ya walimu wa Historia wa shule za sekondari

1. Utangulizi



Tunaposahihisha kazi za wanafunzi kuhusu kuanguka kwa ukabaila barani Ulaya, mara nyingi tunakutana na jibu hili: tauni iliua watu wengi, vibarua wakaadimika, ujira ukapanda, ukabaila ukafa. Tumezoea kulipa alama jibu hilo, nami naamini linamnyima mwanafunzi sehemu muhimu zaidi ya historia yenyewe. Tauni hiyohiyo, katika miaka hiyohiyo, iliipiga Misri kwa ukali, lakini mkulima wa Misri aliyenusurika hakupata nafuu. Hoja ya mada hii ni kwamba tauni iliua watu, haikuua mfumo. Hatima ya walionusurika iliamuliwa na mambo mengine: nani alishika ardhi, aliishika kwa masharti gani, na mkulima alikuwa na nguvu kiasi gani ya kukataa kuonewa.

2. Jinsi tauni ilivyoenea

Tauni husababishwa na bakteria aitwaye Yersinia pestis, aliyetambuliwa na daktari Alexandre Yersin mjini Hong Kong mwaka 1894. Bakteria huyo hukaa katika miili ya panya na jamaa zao, na viroboto humhamishia binadamu. Mgonjwa hushikwa na homa kali na kuvimba mitoki kwenye kinena, makwapani au shingoni. Ugonjwa ukishika mapafu, huambukizwa kwa kikohozi kutoka mtu hadi mtu, na asipotibiwa mapema ni nadra mgonjwa kupona.

Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulimkuta bakteria huyo katika mabaki ya watu waliozikwa mwaka 1338 na 1339 karibu na Ziwa Issyk-Kul, Asia ya Kati. Mwaka 1346 tauni iliwashukia askari wa Jani Beg, mtawala wa Kimongolia, waliokuwa wameizingira Caffa, bandari ya wafanyabiashara wa Genoa katika rasi ya Crimea. Gabriele de' Mussi wa Piacenza aliandika kwamba askari hao walirusha maiti ndani ya mji kwa mitambo ya vita. Wanafunzi hulipenda simulizi hilo, lakini inaaminika kwamba mwandishi huyo hakuwepo. Isitoshe, panya na viroboto hawakuhitaji kurushwa na mtu.

Kutoka Bahari Nyeusi, ugonjwa ulifuata njia za biashara. Mwaka 1347 ulifika Constantinople, Alexandria na Messina. Mwaka 1348 uliingia Florence, Tunis na Damascus, na katikati ya mwaka huo ukatua pwani ya kusini ya Uingereza. Bandari na masoko yaliyoleta utajiri ndiyo yaliyofungua mlango wa kifo. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba Ulaya ilipoteza kati ya theluthi moja na nusu ya watu wake katika miaka michache.

Ibn Battuta, msafiri yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuwa Damascus mwaka 1348. Anasimulia kwamba wakazi walifunga siku tatu, kisha Waislamu, Wakristo na Wayahudi wakatoka pamoja kumwomba Mungu. Kwingineko hofu ilizaa unyama. Mjini Strasbourg, Februari 1349, mamia ya Wayahudi walichomwa moto kwa kusingiziwa kwamba walitia sumu visimani, ingawa Papa Clement VI alikuwa ameshatangaza mwaka 1348 kwamba shutuma hizo ni za uongo. Hata hapa, ugonjwa ni mmoja lakini jamii ziliitikia kwa njia tofauti.

3. Uingereza: mkulima apata sauti

Kabla ya tauni, wakulima wengi wa Uingereza walifungwa kwenye ardhi ya kabaila na kumfanyia kazi za shokoa. Vifo vilipoacha mashamba bila watu, mkulima aliyeonewa aliweza kutoroka na kupokelewa na kabaila jirani aliyekuwa na shida ya vibarua.

Mfalme Edward III alijibu kwa amri ya mwaka 1349, kisha Bunge likapitisha sheria ya vibarua ya mwaka 1351. Ujira ulitakiwa kurudi kiwango cha kabla ya tauni, na mwenye nguvu asiye na kazi alilazimishwa kufanya kazi. Lakini makabaila wenyewe waliivunja sheria hiyo, kwa kuwa kila mmoja alihofia mazao yake kuozea shambani.

Kodi ya kichwa ilipoongezwa juu ya manung'uniko hayo, wakulima waliasi mwaka 1381 wakiongozwa na Wat Tyler na padri John Ball. Wote wawili waliuawa na uasi ukazimwa. Hata hivyo, katika karne iliyofuata shokoa iliendelea kufifia na nafasi yake kuchukuliwa na kodi ya ardhi ya fedha.

4. Misri: mkulima azidi kubanwa

Watawala wa Misri, Wamamluk, walikuwa tabaka la kijeshi. Amiri alipewa haki ya kukusanya mapato ya vijiji fulani, naye aliishi Cairo. Kwa kawaida vijiji hivyo havikuwa urithi wa wanawe, na aliweza kuhamishiwa vingine wakati wowote. Mtu wa namna hiyo hakuwa na sababu ya kumbembeleza mkulima abaki. Alikamua alichoweza kabla hakijaenda kwa mwingine.

Kilimo chenyewe kilitegemea mafuriko ya Mto Nile. Kila mwaka watu wengi walihitajika kuzibua mifereji na kukarabati matuta ya kuzuia maji. Tauni ilipowamaliza, na iliporudi tena na tena, matuta yalibomoka: shamba moja likakauka, jingine likageuka kinamasi. Mapato yakashuka, maamiri wakaongeza madai, wakulima wakatoroka, na matuta yakazidi kukosa watu. Njaa ilipoikumba Misri mwanzoni mwa karne ya 15, mwanahistoria al-Maqrizi hakuulaumu mto peke yake. Alitaja uuzaji wa vyeo, kupandishwa kwa kodi za ardhi na kuharibiwa kwa sarafu.

5. Hitimisho na mapendekezo

Mwanahistoria Stuart Borsch amezilinganisha nchi hizi mbili na kuonyesha jinsi njia zao zilivyoachana baada ya pigo moja. Hata ndani ya Ulaya, mashariki ya Mto Elbe, makabaila walikuja kuwafunga wakulima kwenye ardhi kwa ukali zaidi kuanzia mwishoni mwa karne ya 15.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, tufundishe tauni kwa kulinganisha angalau jamii mbili. Pili, maswali yetu ya majaribio yadai maelezo ya umiliki wa ardhi, siyo orodha ya athari. Tatu, tuwasomeshe wanafunzi waandishi wa Kiarabu kama Ibn Battuta na al-Maqrizi sambamba na wale wa Ulaya.

Ndugu walimu, mwanafunzi akiamini kwamba kiroboto ndiye aliyemkomboa mkulima, atasubiri majanga yaibadilishe jamii yake. Tumfundishe kuuliza baada ya kila janga: nani ameshika ardhi, nani anatunga sheria, na nani anaweza kukataa?