MWANGA UNAODHURU NA MWANGA UNAOTIBU
Mazungumzo na wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia kuhusu ngozi iliyoharibiwa na jua

Leo hatuzungumzi juu ya mbuzi wa maziwa wala matangi ya maji. Tunazungumza juu ya ngozi, na juu ya pesa ambazo vikundi vyenu vinachanga kwa ajili ya ngozi.

Vikundi kadhaa vimefika ofisini kwetu na swali moja: "Tumesikia kuna mashine ya mwanga iitwayo leza, inayoondoa madoa ya jua. Mwenzetu ana ngozi iliyoharibika. Je, tumfanyie harambee aende Nairobi?" Swali hili ni zuri, maana linatoka kwa watu wanaojaliana. Lakini hatuwezi kulijibu kwa ndiyo au la kabla hatujaelewa jua linafanya nini, leza inafanya nini, na ni nani hasa anayehitaji matibabu gani.

JUA LINAVYOHARIBU NGOZI

Ndani ya mwanga wa jua mna miale ambayo macho hayaioni. Wataalamu huiita miale ya urujuanimno. Miale hiyo hupenya ngozi na kuharibu chembe zake, pale pale zinapohifadhi maagizo ya jinsi ya kukua. Chembe nyingi hujirekebisha. Nyingine hufa, na ndiyo sababu ngozi iliyoungua hubambuka. Lakini chache hubaki na ule uharibifu mwaka baada ya mwaka, mpaka siku moja zinaanza kuongezeka bila mpango. Hapo ndipo saratani ya ngozi inapoanza.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna rangi iitwayo melanini. Hiyo ni kama mwavuli. Haizuii kila kitu, lakini inatusaidia sana. Mwenzetu mwenye ualbino amezaliwa bila mwavuli huo, au anao mdogo sana. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino katika Kenya. Hao ni majirani zetu, wanafunzi wetu na wanachama wa vikundi vyetu. Tena wanaishi katika nchi inayopitiwa na ikweta, ambako jua huwa juu ya kichwa mwaka mzima.

Msidanganywe na baridi. Watu wa milimani husema, "Kwetu hakuna jua." Ukweli ni kwamba kila ukipanda mita 1,000, nguvu ya miale hiyo huongezeka kwa karibu asilimia 10. Mtu anaweza kuvaa sweta kwa ajili ya baridi na bado uso wake unaungua. Mawingu nayo hayazuii miale yote.

Hatari hii si ndogo. Uchunguzi wa watu wenye ualbino uliofanywa Nigeria na kuchapishwa mwaka 1975 ulionyesha kwamba, kati ya waliopita umri wa miaka 20, hakuna aliyekutwa ngozi yake ikiwa haina saratani au mabadiliko yanayotangulia saratani. Mabadiliko hayo hayaumi sana, na kwa sababu hayaumi watu huyapuuza. Huanza kama kipande cha ngozi kinachokwaruza ukikipitisha kidole, kama msasa wa fundi seremala. Hukaa usoni, masikioni, shingoni, mikononi na kwenye mdomo wa chini.

MWANGA UNAWEZAJE KUTIBU?

Wengine wanashangaa: kama mwanga ndio uliodhuru, utatibuje? Jambo hili si geni. Daktari Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu magonjwa, hasa kifua kikuu cha ngozi, kwa mwanga mkali uliokusanywa. Leza ya kwanza ilitengenezwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960, na haikupita miaka mingi daktari wa ngozi Leon Goldman alianza kuijaribu kwenye ngozi.

Leza ni mwanga wa rangi moja unaokwenda kwa mstari mmoja, ukiwa na nguvu nyingi mahali padogo. Jambo la kushika ni hili: kila aina ya leza ina kitu inachokitafuta. Msipoelewa jambo hili mtauziwa chochote.

Ziko leza zinazotafuta rangi. Hizi hulenga doa jeusi, zikalipasha joto na kulivunjavunja. Kuna pia taa kali zinazomweka kama kamera. Hizo si leza, lakini nyingi hutumiwa kwa njia hiyo hiyo. Kwa Mzungu mwenye madoa ya jua zinaweza kusaidia. Kwa ngozi nyeusi, mashine haijui kutenga rangi ya doa na rangi ya ngozi yote. Ikiwekwa vibaya huunguza, na huacha alama nyeusi zaidi au nyeupe ya kudumu. Yapo mashine ambayo ni salama zaidi kwetu, lakini yanahitaji mtaalamu anayeijua ngozi nyeusi.

Ziko leza zinazotafuta maji yaliyomo mwilini, kama ile ya kaboni dioksaidi. Hiyo haijali rangi. Huunguza tabaka la juu la ngozi ili jipya liote. Madaktari huitumia kupunguza mikunjo na makovu, na pia kwa mdomo wa chini ulioharibiwa na jua. Lakini huacha kidonda kinachohitaji siku nyingi za kutunzwa. Na kwa ngozi nyeusi hatari ya kubaki na alama ipo hapa pia.

Njia ya tatu ni ya dawa na mwanga pamoja. Daktari hupaka dawa kwenye ngozi iliyoharibika na kungoja, mara nyingi saa tatu hivi. Chembe mbovu huichukua dawa kuliko chembe nzuri, na kuigeuza kuwa kitu kinachonasa mwanga. Halafu taa nyekundu au ya buluu inaelekezwa hapo, na zile chembe mbovu zinakufa. Mgonjwa husikia kama anachomwa, na baadaye hukaa mbali na jua kwa siku mbili hivi. Marekani iliidhinisha matibabu haya mwaka 1999 kwa magamba ya jua usoni na kichwani. Katika nchi za Ulaya ya kaskazini wagonjwa wengine hupakwa dawa na kukaa nje kwenye mwanga wa mchana kwa saa mbili. Tafadhali msisikie vibaya hapa. Inayotibu ni dawa iliyoamshwa na mwanga, chini ya uangalizi wa daktari. Jua peke yake halitibu ngozi iliyoharibiwa na jua.

Katika njia zote hizi, hakuna inayorudisha ngozi ikawa ya mtoto mchanga. Wala hakuna inayompa mtu mwenye ualbino ule mwavuli aliokosa. Akitibiwa leo na kesho akarudi kupalilia mahindi bila kofia, uharibifu unaanza tena.

KILICHOKIPATA KIKUNDI KIMOJA

Kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa kimechanga shilingi 38,000 kwa ajili ya kijana mwenye ualbino, mtoto wa mwanachama wao. Alikuwa na gamba karibu na sikio, lililotoka damu mara kwa mara. Duka moja la urembo mjini lilikuwa limewaahidi kuliondoa kwa leza kwa siku moja. Mwenyekiti alikuja kwetu akasema, "Pesa ziko tayari. Tunataka tu barua ya kututambulisha."

Tuliomba jambo moja tu: kwanza aonwe na mhudumu wa kliniki ya ngozi katika hospitali ya kaunti. Akina mama wengine hawakufurahi. Walisema tunachelewesha. Mhudumu alipoangalia, hakutaja leza hata kidogo. Alikata kipande kidogo kikapelekwa maabara. Majibu yakaja: saratani, lakini ya mapema. Ikaondolewa yote kwa upasuaji mdogo. Magamba mengine madogo ya usoni yaligandishwa kwa naitrojeni ya maji, ambayo baridi yake ni nyuzi 196 chini ya sifuri.

Fikirini, ndugu zangu, kama lile gamba lingechomwa pale dukani. Juu pangeonekana safi. Chini mizizi ingebaki, na hakuna kipande ambacho kingebaki cha kupimwa. Kijana angerudi nyumbani akishangiliwa, huku ugonjwa unaendelea kuelekea kwenye tezi za shingo. Kwa hivyo tunasema kwa nguvu: kidonda au gamba lisilojulikana lisichomwe na leza ya mtu yeyote kabla ya kukaguliwa na mtaalamu wa ngozi na, akiona haja, kupimwa maabara.

Yule kijana hajamaliza safari. Mdomo wake wa chini unaendelea kuangaliwa kila baada ya miezi michache, na huenda siku moja akahitaji matibabu ya leza. Hiyo itakuwa sababu ya kweli ya kufanya harambee, kwa ushauri wa daktari wake.

KABLA KIKUNDI HAKIJATOA PESA

Ulizeni maswali haya, na msione haya kuyauliza:

1. Ugonjwa unaitwaje, na ni nani aliyeuthibitisha?
2. Atakayeshika mashine ni daktari wa ngozi, au amefundishwa na nani? Amewatibu watu wenye ngozi kama hii?
3. Ni mara moja au mara kadhaa? Bei ya zote ni ngapi, pamoja na nauli na dawa?
4. Kuna njia nyingine ya bei nafuu? Magamba mengi ya jua hutibiwa kwa kugandishwa, au kwa dawa ya kupaka kama fluorourasili kwa wiki kadhaa. Dawa hiyo huifanya ngozi iwe nyekundu na yenye vidonda kabla ya kupona, kwa hivyo mgonjwa aambiwe mapema asije akaiacha.
5. Bima yetu ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, italipa sehemu gani?

Na kama shida ni madoa ya uso tu, bila gamba wala kidonda, tusemezane wazi. Hayo hayaui. Mara nyingi yameletwa au kuzidishwa na mafuta ya kujichubua. Mafuta yenye zebaki au hidrokwinoni yamepigwa marufuku Kenya, lakini bado yanauzwa kwa siri. Yanaondoa mwavuli wetu wenyewe. Dawa ya kwanza ni kuyaacha, na kuonana na mhudumu wa ngozi.

KAZI AMBAYO KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA SASA

Shoneni kofia zenye ukingo mpana wa vidole vinne au zaidi, pande zote. Kofia ya kapelo haifuniki masikio wala shingo. Mashati yawe ya mikono mirefu na kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Ukikiinua juani na kuona mwanga unapita, hicho hakifai.

Pangeni kazi upya. Mwenzetu mwenye ualbino apewe zamu ya asubuhi mapema au jioni, au kazi ya kivulini kama kuweka hesabu. Kati ya saa nne za asubuhi na saa kumi za jioni asiwe shambani. Ongeeni na mwalimu mkuu ili mtoto asisimamishwe juani kwenye gwaride wala kukatazwa kofia kwa sababu si sare ya shule.

Mafuta ya kujikinga na jua yawe ya kiwango cha 30 au zaidi. Yapakwe kabla ya kutoka nje, na tena kila baada ya saa mbili. Msiyanunue kabla ya kuuliza, kwa maana Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuyatoa bila malipo kupitia hospitali kwa watu wenye ualbino walioandikishwa. Msaidieni mwenzenu kujiandikisha. Nauli ya safari hiyo ni matumizi mazuri ya pesa za kikundi.

Mwisho, kagueni. Mara moja kwa mwezi mtu wa nyumbani amwangalie usoni, nyuma ya masikio, shingoni, mdomoni na mikononi. Kidonda kisichopona kwa wiki nne, gamba linaloota kama pembe, kitu kinachokua au kutoka damu: huyo apelekwe kliniki wiki hiyo hiyo. Hata asipoona kitu, aonwe na mhudumu wa ngozi kila miezi sita.

Tusingoje mpaka mgonjwa awe wa kubebwa ndipo tutangaze harambee. Wakati huo pesa ni nyingi na tumaini ni dogo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Katika kijiji chetu ni nani anayefanya kazi juani bila kinga? Tumewahi kuzungumza naye, au tunazungumza juu yake tu?
2. Kliniki ya ngozi iliyo karibu nasi iko wapi, na hufunguliwa siku gani? Nani atakwenda kuuliza, na ataleta jibu lini?
3. Pesa zilizo katika sanduku letu leo zinaweza kununua kofia ngapi?