Udongo wa Voi juu ya Meza ya Johannesburg

Mazungumzo ya juma hili yameandikwa na kusomwa na mtayarishaji wetu wa vipindi aliyeko Johannesburg, Afrika Kusini. Yafuatayo ni maandishi yake kamili.

Juma hili sikuletei habari za bunge wala za bei ya dhahabu, ingawa dhahabu yenyewe hatutaikwepa. Nataka nizungumze nawe juu ya udongo, tena kiasi cha kibaba kimoja tu, ambacho nimekitafuta kwa muda wa miezi mitatu.

Juu ya meza ya chumba changu cha kazi upo ubao wenye urefu wa sentimita 90 na upana wa sentimita 40. Hapo mimi na binti yangu wa miaka 12 tunajenga mfano mdogo wa stesheni ya reli ya Voi, ile ya zamani, si ya treni mpya iliyoanza mwaka 2017. Wenye ufundi huu huuita diorama, yaani mandhari nzima, nyumba, miti, watu na ardhi, iliyopunguzwa hata ikaenea mezani. Baba yangu aliitumikia reli pale Voi mpaka alipostaafu. Binti yangu amezaliwa huku ugenini, na hakupata kumwona babu yake akiwa kazini.

Majengo hayakutusumbua. Kadibodi, wembe na subira vilitosha. Kilichotushinda ni ardhi. Wewe uliyewahi kupita Voi unaijua rangi yake. Ni nyekundu inayoshika nguo, ikashika kuta, ikashika hata tembo wa Tsavo, wanaojirushia vumbi mpaka wageni wakadhani wamezaliwa wekundu. Ukiikosea rangi hiyo, stesheni yako itakuwa stesheni ya popote.

Ndugu yangu mmoja alijitolea kunibebea mfuko wa udongo kutoka nyumbani. Nilimzuia. Sheria ya Afrika Kusini hairuhusu udongo kuingizwa nchini bila kibali, na sababu yake naielewa: katika kiganja kimoja cha udongo husafiri mayai ya minyoo, kuvu na mbegu za magugu. Basi ilitulazimu kuitafuta Voi humu humu Johannesburg.

Jambo la pili lililotushinda ni ukubwa wa punje. Mfano wetu ni wa kipimo cha 1 kwa 87. Kwa kipimo hicho mtu wa kimo cha kawaida huwa na sentimita 2, na reli ya upana wa mita moja hupungua ikawa kama milimita 12. Sasa chukua punje moja ya mchanga wa kawaida, yenye unene wa milimita 1. Juu ya meza yetu punje hiyo ni jiwe la karibu sentimita 9, jiwe la kumjeruhi mtu. Mchanga wa mjenzi ukiumwaga pale unapata uwanja wa mawe, si uwanja wa stesheni. Tulihitaji kitu laini kama unga.

Na hapo ndipo jiji hili lilipotutega.

Jioni moja binti yangu alirudi kutoka kwa rafiki yake na kopo la mchanga wa rangi ya manjano iliyofifia, laini ajabu, unaoteleza vidoleni kama unga wa sembe. "Baba, huu hata kuchekecha hauhitaji," akaniambia kwa furaha. Alisema kweli. Umekwisha kuchekechwa, na umekwisha kusagwa pia, kwa mashine. Ulitoka kwenye vilima vya mabaki ya migodi.

Msikilizaji ambaye hajafika hapa na aelewe kwamba vilima vile vya manjano vinavyoonekana kusini mwa Johannesburg havikuumbwa na maumbile. Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1886, ilikutwa ndani ya mwamba mgumu, chembe ndogo ndogo zisizoonekana kwa macho. Mwamba ukatolewa chini, ukapondwapondwa, na tangu mwaka 1890 ukaanza kuoshwa kwa sianidi ili kuitenga dhahabu. Kilichobaki kikamwagwa kando, kizazi baada ya kizazi, mpaka kikawa milima. Juu ya mmoja wao watu walikuwa wakitazama sinema ndani ya magari yao. Siku hizi vingi vinachimbwa upya, kwa kuwa mitambo ya kisasa hupata dhahabu pale ambapo wazee waliona takataka.

Katika mabaki hayo mna silika kwa wingi, na pamoja nayo huwamo urani na madini mengine mazito. Upepo wa Agosti, kabla ya mvua kuanza, huyainua na kuyapeleka katika nyumba za watu wa Riverlea na sehemu za Soweto. Silika iliyosagwa, ikivutwa kwa pumzi mwaka hata mwaka, huacha makovu mapafuni. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na humfungulia mlango kifua kikuu. Wachimbaji wanaujua. Walitoka Lesotho, Msumbiji na Malawi. Hata kusini magharibi mwa Tanganyika vijana waliandikishwa na shirika walilolifahamu kwa jina la Wenela, mpaka Tanganyika huru ilipokomesha uandikishaji huo. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya fidia ya randi bilioni 5 kwa wachimbaji walioambukizwa kifua kikuu au kupata silikosisi migodini, na kwa jamaa za waliokufa.

Kopo moja halimwui mtu, nami sikutaka kumtia mtoto hofu. Lakini tazama kazi yetu ilivyo: tunachekecha, tunapuliza, tunainamisha uso juu ya ubao ndani ya chumba kilichofungwa. Hakuna namna nzuri zaidi ya kulivuta vumbi hilo. Nikaumwagia mchanga ule maji, nikalifunga kopo, nikaipangusa meza kwa kitambaa kibichi. Binti yangu alininyamazia siku mbili.

Tulianza upya, safari hii kwa kuomba. Kwanza nilimwonya kwamba kwenye hifadhi ya Melville Koppies, ambako wataalamu walifukua tanuri la kale la kuyeyushia chuma, hatuchukui hata kokoto. Lakini mtaani kwetu mafundi walikuwa wakichimba mtaro wa bomba, na udongo uliotoka chini ulikuwa mwekundu kweli kweli. Msimamizi wao alicheka, akatujazia ndoo. Tuliukausha katika oveni kwa nusu saa ili kuua vijidudu, jambo ambalo mama watoto hajalisahau, kisha tukauchekecha nje, barakoa usoni, kwa kitambaa cha soksi ndefu za kike.

Hapa nitoe siri moja kwa atakayejaribu. Udongo mwekundu ukilowana gundi hugeuka kahawia na haurudi tena. Tuliharibu kipande kizima kabla ya kugundua dawa yake. Paka ubao rangi nyekundu ya maji kwanza, iache ikauke, paka gundi nyeupe ya mbao, kisha nyunyiza udongo mkavu juu yake na usiuguse mpaka kesho. Usioshika ukung'ute. Tabaka la juu hubaki na rangi yake.

Majani yaliyoanguka chini ya miti tuliyapata katika birika: majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakaanikwa. Viungo vya Fordsburg, pale Oriental Plaza, vilinivutia kwa rangi zake, ila mwanga huvifubaza na wadudu huvipenda, basi nikavirudisha jikoni vinakostahili. Kwa nyasi ndefu kando ya reli hakuna kilichoshinda kamba ya mkonge. Unaikata vipande, unachambua nyuzi, unazisimamisha katika tone la gundi. Kamba ilinunuliwa duka la vifaa vya ujenzi, lakini mimi, mtoto wa pwani na bara yake, nilipoinusa niliona mashamba ya mkonge yanayopakana na Voi.

Jumapili iliyopita tuliipiga picha kazi yetu, tukamtumia Babu kwa simu. Alikaa kimya muda mrefu, mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Udongo ni wenyewe," akasema. "Lakini mwanangu, pale injini zilipokuwa zikisimama ardhi haikuwa nyekundu. Ilikuwa nyeusi ti, kwa mafuta. Viatu vyangu umevisahau?"

Sikuwa nimevisahau. Mama alikuwa akiviacha nje ya mlango. Binti yangu amekwisha kuanza kukusanya machicha ya kahawa.