Kasha la Bibi



Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke wa Pate aliyekuwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa nasaha. Ukanakiliwa kwa mkono, ukahifadhiwa majumbani, ndiyo maana mpaka leo twausoma.

Na sisi hapa Kisumu Ndogo je? Kila Ramadhani ikikaribia twasafisha nyumba, na barua za babu za khati ya Kiarabu zaenda jaani. Eti hazisomeki! Zasomeka, ni sisi tu tuliosomea madrasa tunaona uvivu.

Baada ya futari, mwombeni bibi afungue kasha. Muulizeni tasbihi ile ilikuwa ya nani, na nyuma ya picha andikeni majina. Kwetu kuna barua tatu, na aijuaye khati ile ni bibi peke yake.